Tiketi ya Mwendokasi Katika Jimbo la Watu

Maili 86 kwa saa ni takriban kilomita 138. Dereva anayekwenda mwendo huo kwenye Barabara ya Jimbo namba 130 huko Texas, kati ya Austin na Seguin, amezidi kibao kwa maili moja tu. Tangu kipande hicho kilipofunguliwa mwaka 2012, vibao vyake vinaruhusu maili 85, mwendo wa juu kuliko popote Marekani. Dereva huyohuyo, akiwa na gari lilelile na mwendo uleule, akiingia Virginia anakuwa amekwisha kutenda jinai. Sheria ya huko inahesabu mwendo wowote unaopita maili 85 kuwa uendeshaji wa hatari, kosa linaloweza kumfunga mtu jela hadi miezi 12, kumtoza faini inayofikia dola 2,500 na kumzuia kuendesha gari jimboni humo kwa muda unaofika miezi sita. Barabara iwe tupu, mchana uwe mweupe, kosa ni hilohilo.

Marekani haina sheria moja ya barabarani. Ina majimbo 50 na Wilaya ya Columbia, na kila moja lina bunge lake, mahakama zake, leseni zake na jedwali lake la faini. Tanzania, trafiki akimpiga mtu tochi ya kupima mwendo Chalinze au Makambako, faini ya papo kwa papo ni ileile shilingi 30,000 na inaingia serikali ileile. Kenya nayo ina leseni moja kutoka Mombasa hadi Busia. Kwa Waswahili waliohamia Marekani, wakiwamo Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoendesha malori ya masafa marefu, mambo ni tofauti: mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi chini ya sheria moja, akala mchana chini ya nyingine, na jioni akapigwa tiketi chini ya sheria ya tatu ambayo hakuwahi kuisikia.

Dereva akishaipokea karatasi ile, jicho lake hukimbilia kiasi cha faini. Mara nyingi hicho ndicho kipengele chepesi zaidi. Uzito umo katika umbali. Mahakama iko kule, leseni iko huku, bima iko kwa kampuni ambayo haimtii mmoja wala mwingine, na kila upande una hesabu zake. Mfumo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba msafiri hatarudi. Dhana hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini anaandikiwa, kwa nini analipa haraka, na kwa nini kulipa haraka kunaweza kumgharimu kuliko alivyodhani.

Majimbo hayakuwa huru hivi wakati wote. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwaka 1973, Rais Richard Nixon alitia saini mwanzoni mwa Januari 1974 sheria iliyoweka maili 55 kuwa ukomo wa nchi nzima. Serikali ya shirikisho haikuwa na polisi wa kuisimamia barabarani, kwa hiyo ilitumia mfuko: jimbo litakalogoma halipati fedha za barabara. Mwaka 1987 Bunge liliruhusu maili 65 kwenye barabara kuu za vijijini, na mwishoni mwa 1995 Rais Bill Clinton akatia saini sheria iliyofuta ukomo huo kabisa. Kila jimbo likashika njia yake. Montana ilirudi kwenye kanuni yake ya zamani, kwamba mchana dereva aende mwendo wa busara, bila namba yoyote kwenye kibao. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimsikiliza dereva aliyeandikiwa kosa kwa kwenda maili 85, ikaona kwamba sheria isiyotaja namba haimwambii raia ni wapi kosa linapoanzia, ikaitupa. Mwaka uliofuata Montana iliweka kibao cha maili 75. Leo Hawaii haivuki maili 60 na Texas inafika 85.

Tofauti hizo zingebaki kuwa kero ya vibao tu kama dereva angeweza kuiacha tiketi nyuma yake anapovuka mpaka. Zamani iliwezekana, na polisi walilijua hilo. Askari aliyemsimamisha mtu mwenye namba za jimbo la mbali alikuwa na njia mbili ngumu: kumpeleka kwa hakimu palepale, au kumdai aache fedha taslimu kama dhamana. Msafiri asiye na fedha mfukoni aliweza kulala kituoni kwa kosa ambalo mwenyeji aliondoka nalo akiwa na karatasi tu.

Ufumbuzi ulikuja kwa mikataba kati ya majimbo yenyewe. Wa kwanza, wa leseni za udereva, ulianza kukusanya wanachama miaka ya 1960 kwa kauli ya dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja. Majimbo 45 na Wilaya ya Columbia yamo. Georgia, Massachusetts, Michigan, Tennessee na Wisconsin hayamo. Jimbo lililomtia mtu hatiani linapeleka taarifa nyumbani kwake, na nyumbani wanaitazama kana kwamba kosa limefanyika kwao. Wa pili, wa mwaka 1977, unahusu wasio wakazi wanaokiuka sheria, na ndani yake yamo majimbo 44 pamoja na Wilaya. Alaska, California, Michigan, Montana, Oregon na Wisconsin hazikuingia. Mkataba huu unamruhusu msafiri aondoke bila kuacha dhamana, mradi aahidi kuishughulikia tiketi. Akikaa kimya, jimbo la kosa linaliarifu jimbo la leseni, nalo linaisimamisha leseni hiyo hadi atakapomaliza mambo yake kule.

Chini ya mikataba yote miwili kuna daftari la taifa la madereva, lililoanzishwa mwaka 1960 na kusimamiwa na serikali ya shirikisho. Halina maelezo ya kila kosa. Linachofanya ni kuonyesha kwamba fulani, huko fulani, amezuiwa kuendesha. Ofisi ya leseni ya jimbo lolote inalitazama kabla ya kumpa mtu leseni. Dereva aliyepuuza tiketi California, jimbo lisilo katika mkataba wa 1977, anaweza kukaa kwa amani miaka kadhaa, kisha akaenda kuhuisha leseni kwao na kuambiwa akamalizane na California kwanza.

Ndiyo maana ushauri unaosikika sana kwenye vituo vya malori, kwamba jimbo fulani halimo kwenye mkataba kwa hiyo tupa karatasi, ni ushauri wa hatari. Michigan haimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili, lakini sheria yake inaingiza kwenye rekodi makosa ambayo wakazi wake wametiwa hatiani majimbo mengine, na kuyapa pointi, yaani alama za makosa zinazohesabiwa dhidi ya leseni. New York, kwa upande wake, ni mwanachama wa mkataba wa leseni, ila mkazi wake akiandikiwa mwendokasi New Jersey au Ohio hapati pointi New York. Mipaka inayohesabiwa huko ni ya Canada: tiketi za Ontario na Quebec ndizo zinazobeba pointi. Anayetazama orodha ya wanachama peke yake angebashiri kinyume katika majimbo yote mawili.

Kutokuwepo kwa pointi nako hakumaanishi usalama. Kampuni ya bima haifuati jedwali la pointi la jimbo. Inachukua rekodi ya dereva, kwa kawaida ya miaka mitatu hadi mitano, inatazama hatia zilizomo, na kupanga ada kwa mizani yake. Faini ya dola 150 inalipwa mara moja ikaisha. Nyongeza ya bima inalipwa kila mwezi kwa miaka, na haitajwi popote kwenye karatasi aliyoiandika askari.

Majimbo mengine yameongeza tozo zinazomfuata mgeni baada ya kudhani amemaliza. Tangu mwaka 2010 Georgia ina sheria ya wenye mwendo uliokithiri. Aliyetiwa hatiani kwa maili 75 au zaidi kwenye barabara ya njia mbili, au 85 na zaidi popote jimboni, anadaiwa dola 200 juu ya faini ya mahakama. Deni hilo haliwi kwenye tiketi. Mahakama ya kaunti inapokea faini yake, kesi inafungwa, kisha barua ya jimbo inatumwa nyumbani kwa dereva, awe wa Atlanta au wa Tennessee. Asiyeifungua kwa kudhani ni matangazo anaongezewa dola 50 na kuzuiwa kuendesha. New York inafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: anayekusanya pointi sita ndani ya miezi 18 kwa makosa ya humo jimboni anadaiwa dola 100 kila mwaka kwa miaka mitatu, na mwenye leseni ya jimbo lingine hasamehewi.

Swali la nani hasa anayesimamishwa lina historia yake. Mwendokasi unaua, na hilo halina mjadala: mwaka 2023 watu 11,775 walikufa Marekani katika ajali zilizohusisha mwendokasi, asilimia 29 ya vifo vyote vya barabarani. Lakini katika vijiji kadhaa vilivyokaa kandokando ya barabara kuu, tochi ya polisi iligeuka kuwa shamba. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na huko mwenyeji alipona kwa bajeti nzima.

New Rome, Ohio, kilikuwa kijiji cha watu wapatao 60 kando ya barabara yenye magari mengi iingiayo Columbus. Ndani ya mipaka yake kibao kilishuka ghafla kutoka maili 45 hadi 35, na polisi walikuwa wakisubiri papo hapo. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 2004 mahakama ikakivunja kijiji chenyewe. Waldo, mji mdogo wa Florida kwenye barabara ya taifa namba 301, ulijulikana kwa madereva kiasi kwamba chama cha wenye magari cha AAA kiliwahi kuweka bango la kuwatahadharisha wapitao. Mwaka 2014 askari wa mji huo walieleza hadharani kwamba walikuwa wakipangiwa idadi ya tiketi, jambo lililokatazwa na sheria ya Florida, na idara yao ya polisi ikavunjwa mwaka huohuo. Kisha ikaja Brookside, Alabama, mji wa watu wasiozidi 1,300. Mapema mwaka 2022 gazeti la AL.com lilifichua kwamba kati ya 2018 na 2020 mapato ya faini na mali zilizotaifishwa yalipanda kwa zaidi ya asilimia 640, yakafika karibu nusu ya mapato yote ya mji. Mkuu wa polisi alijiuzulu, na mwaka 2023 habari hizo zikashinda tuzo ya Pulitzer.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliuona mchezo huo mapema. Mwaka 1972 iliamua kesi ya dereva aliyehukumiwa Monroeville, Ohio, na meya wa kijiji aliyekaa pia kwenye kiti cha hakimu. Mwaka 1964 faini na ada za mahakama ya meya zilikuwa zimeleta karibu nusu ya mapato ya kijiji. Majaji walisema mtu mwenye jukumu la kujaza hazina hawezi kuwa mwamuzi asiyeegemea upande. Uamuzi ule ulimwondoa meya wa aina hiyo kwenye kiti cha hukumu. Haukumwondoa askari kwenye kichaka.

Ushahidi wa wazi zaidi haukutoka kijijini wala mahakamani. Mwaka 2009 wachumi Michael Makowsky na Thomas Stratmann walichapisha uchunguzi wa tiketi za Massachusetts katika jarida la American Economic Review. Askari wa huko wana hiari ya kutoa onyo au kutoza faini, kwa hiyo uamuzi wao unaweza kupimwa. Wachumi hao waligundua kwamba dereva wa nje ya mji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutozwa, na kwamba kadiri makazi yake yanavyokuwa mbali na mahali ambapo angeweza kupinga tiketi, ndivyo uwezekano huo na kiasi cha faini vinavyoongezeka. Tabia hiyo ilikuwa kali zaidi katika miji iliyobanwa isiweze kupandisha kodi ya majengo. Umbali, kwa maneno mengine, ulikuwa unatozwa. Wachumi haohao walirudi mwaka 2011 na uchunguzi mwingine ulioonyesha kwamba tiketi zikiongezeka ajali hupungua. Mji unaotafuta fedha unaweza kuokoa maisha bila kukusudia, na mpita njia akawa amelipia yote mawili.

Dereva aliyekwisha kuandikiwa ana njia nne.

Ya kwanza ni kulipa. Ni rahisi, inafanyika kwa simu akiwa bado hotelini, na ndiyo inayochaguliwa na wengi. Kisheria, kulipa ni kukiri kosa. Hatia inaandikwa, taarifa inasafiri, na mlango wa kupatana unafungwa. Kwa mtu mwenye rekodi safi aliyezidi kibao kwa maili tisa, na ambaye jimbo lake halihesabu pointi za nje, huenda ndiyo njia ya busara. Kwa mwenye makosa mawili ya nyuma ni kujitia kitanzi kwa haraka ya kumaliza jambo. Na katika kesi kama ile ya Virginia njia hiyo haipo: uendeshaji wa hatari ni jinai ya ngazi ya chini, lazima uende mahakamani, kwa dereva mwenyewe au kwa wakili wake pale hakimu anaporuhusu.

Ya pili ni kupinga bila kurudi. California inaruhusu kesi ya maandishi: dereva anaweka kiasi cha faini kama dhamana, anaandika maelezo yake, askari naye anaandika yake, na hakimu anaamua kwa kusoma. Askari asipoleta maelezo, dereva kwa kawaida anashinda na kurudishiwa fedha. Akishindwa, ana siku 20 za kudai kesi isikilizwe upya ana kwa ana. Kwa mtu wa Arizona au Nevada, anayekata Los Angeles mara moja kwa mwezi, nafasi hiyo ni kubwa. Majimbo mengi hayana kitu cha namna hiyo.

Ya tatu ni kupatana. Waendesha mashtaka wa miji midogo wana mafaili mengi na muda mchache, na dereva anayekubali kosa dogo zaidi anawaokolea siku. Katika sehemu kubwa ya jimbo la New York tiketi ya mwendokasi mara nyingi hushushwa hadi kosa la kuegesha vibaya, lenye faini lakini lisilo na pointi. Jiji la New York halina mlango huo. Humo kesi ziko chini ya ofisi maalumu ya makosa ya barabarani yenye mahakimu wake, na sheria zake haziruhusu mapatano: ni hatia au si hatia. Mtu aliyesimamishwa Bronx na aliyesimamishwa Yonkers, mita chache upande wa pili wa mpaka wa jiji, wanaingia katika dunia mbili tofauti ingawa barabara ni moja na kosa ni moja.

Kuna pia masomo ya udereva salama yanayofuta kosa, na hapa mgeni hugundua kwamba kapu la mwenyeji si lake. Texas humfutia kosa dereva anayehitimu somo la saa chache, lakini sheria inamtaka awe na leseni ya Texas au awe mwanajeshi aliye kazini. Mwenye leseni ya Oklahoma anabaki na ombi la pili: hakimu aahirishe hukumu kwa muda wa uangalizi, na akikaa muda huo bila kosa jipya, kesi inafutwa. Ombi hilo liko kwenye hiari ya hakimu na lazima litolewe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Anayelipa kwanza na kuuliza baadaye hana cha kuomba.

Kwenye mapatano ndipo wakili wa mahali anapopata maana yake. Kazi yake mara nyingi ni ya nusu saa: anamjua mwendesha mashtaka, anajua hakimu huyu anakubali nini, na anasimama badala ya mteja. Ada yake inaweza kuizidi faini, na msafiri anayelinganisha namba hizo mbili peke yake ataona anaibiwa. Ulinganisho wa haki unaweka kwenye mizani ada ya wakili upande mmoja, na upande wa pili faini, nyongeza ya bima kwa miaka mitatu, nauli ya kurudi na ujira wa siku alizopoteza.

Njia ya nne ni kukaa kimya, na imekwisha kuelezwa inakoishia: leseni kusimamishwa nyumbani, na katika majimbo kadhaa hati ya kukamatwa inayosubiri siku mtu atakapopita tena. Mwenye leseni iliyosimamishwa bila habari, kwa kuwa barua ilikwenda kwenye anwani ya zamani, anageuka mkosaji mpya kila anapowasha gari.

Hayo yote yanabadilika dereva akiwa na leseni ya kibiashara. Kanuni za shirikisho zinahesabu kuzidi kibao kwa maili 15 au zaidi kuwa kosa zito. Makosa mazito mawili ndani ya miaka mitatu yanamfungia dereva usukani wa lori kwa siku 60, matatu kwa siku 120, hata kama kila moja lilitokea jimbo tofauti. Hatia yoyote ya barabarani, isipokuwa ya kuegesha, lazima amwarifu mwajiri wake ndani ya siku 30, hata kama alikuwa anaendesha gari lake binafsi na familia nyuma. La muhimu zaidi, majimbo yamekatazwa kuficha hatia za madereva wa kundi hili: hakuna kuahirisha hukumu ili kosa lisionekane, hakuna somo la kulifuta. Mlango wa Texas umefungwa kwao kabisa. Kilichobaki ni kupinga kosa lenyewe, au kukubaliana na mwendesha mashtaka, kabla ya hukumu, juu ya kosa dogo linaloendana na ushahidi uliopo. Kushuka kutoka maili 16 juu ya kibao hadi 14 kunaweza kuwa tofauti ya kuwa na kazi na kukaa nyumbani miezi miwili.

Wengi wa madereva hao wanalipwa kwa maili. Kurudi kusimama mbele ya hakimu wa kaunti ya mbali kunamaanisha kuuacha mzigo, na mzigo ulioachwa anauchukua mwingine. Kwa hiyo watu ambao leseni ndiyo riziki yao ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kupinga na nafasi ndogo zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa mhamiaji kuna hesabu moja zaidi. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama mwombaji amewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Maelekezo yake yanamwondolea haja ya kuambatisha nyaraka za makosa ya barabarani yasiyohusu kukamatwa, pombe wala dawa za kulevya, ikiwa adhabu ilikuwa faini isiyofika dola 500 au pointi za leseni. Tiketi ya kawaida inapita hapo bila shida. Jinai ya Virginia, yenye faini inayoweza kuvuka kiwango hicho na jina lake kwenye rekodi za uhalifu, ni suala la kulizungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri, wala si baada.

Mgeni anayetembea tu, akiwa na leseni ya Kenya au Tanzania na gari la kukodi, ana hali yake. Hakuna jimbo la Marekani linaloweza kuandika pointi kwenye leseni ya Dodoma. Linaweza kumfungulia faili, kumzuia kuendesha humo, na kumweka kwenye daftari la taifa, ambako jina lake litasubiri. Akirudi baada ya miaka mitano kusoma au kufanya kazi na kuomba leseni, hata katika jimbo lingine, ndipo atakapokutana nalo. Askari akimsimamisha, tiketi ni yake. Kamera ikimnasa, barua inakwenda kwa kampuni iliyomkodisha, nayo inakata faini kwenye kadi yake au kutoa jina lake, na kwa vyovyote inajiongezea ada ya usumbufu.

Kamera zina mipaka yake. Katika sehemu nyingi faini yake inamhusu mwenye gari, haina pointi, na mikataba ya majimbo haikuandikwa kwa ajili yake. Wilaya ya Columbia, ambayo barabara zake zinajaa kila asubuhi magari ya Maryland na Virginia, ilikaa miaka mingi ikidai mamilioni ya dola kwa wenye magari wa upande wa pili wa mpaka. Silaha yake ilikuwa kulifunga mnyororo gurudumu la gari lenye madeni likikutwa limeegeshwa ndani ya Wilaya. Sheria ya mwaka 2024 imempa mwanasheria mkuu wa Wilaya uwezo wa kuwafungulia kesi za madai madereva wa nje wenye mienendo ya hatari zaidi, na kesi hizo zimeanza.

Matapeli nao wameliona pengo hilo. Mwaka 2025 simu za Wamarekani zilifurika ujumbe uliojifanya umetoka ofisi ya leseni ya jimbo, ukidai tiketi isiyolipwa na kutishia kufungia leseni kesho yake. Polisi wa shirikisho na majimbo mengi walitoa tahadhari. Msafiri aliyepita majimbo sita kwa wiki moja ndiye windo jepesi, kwa kuwa hana uhakika kama kweli kamera ya mahali fulani haikumwona. Njia ya kuhakiki ni kupiga simu kwa karani wa mahakama ya kaunti husika, kwa namba iliyotafutwa kando, si iliyomo kwenye ujumbe.

Karani huyohuyo ndiye mtu ambaye dereva mwenye tiketi halali anapaswa kumpigia kwanza. Anaweza kueleza kama kuhudhuria ni lazima, kama tarehe inasogezwa, kama mwendesha mashtaka anapokea barua, na kama kikao kinafanyika kwa video. Jibu la swali hilo la mwisho linabadilika mwaka hadi mwaka. Baadhi ya mahakama za wilaya Michigan zilianza mwaka 2014 kuruhusu madereva kujadili tiketi zao kwenye tovuti bila kufika, na janga la korona la 2020 lilizisukuma nyingine nyingi kwenye skrini. Zipo zilizobaki huko na zipo zilizorudi kwenye benchi la mbao. Mkataba wa 1977 ulimhakikishia askari kwamba dereva wa mbali hataikimbia karatasi yake, lakini haukulilazimisha jimbo lolote kumsikiliza bila kumrudisha. Mji wa Massachusetts uliokuwa ukipanga faini kwa umbali utakuwa na hesabu mpya siku dereva wa Ohio atakapoweza kuipinga akiwa mezani kwake, na hadi sasa uamuzi wa kumpa nafasi hiyo uko mikononi mwa jimbo na mahakama iliyomwita.